Kicheko Mlangoni mwa Pango

Jumamosi, 6 Oktoba 1984

Mvua tena. Wiki ya tatu Japani na viatu havijapata kukauka. Asubuhi darasa la visima, mchana darasa la pampu. Nimemtafsiria Hamed saa tano, koo limenikauka. Yeye hachoki. Anasikiliza, anatikisa kichwa, kisha anauliza swali moja tu, na swali hilo moja linamrudisha mwalimu wetu, Bwana Morita, ubaoni kuanza upya.

Hana kalamu wala daftari. Kila kitu kichwani.

Niandike hili nisije nikajisahau: aliyeitwa huku si mimi. Wajapani waliomba mtu aliyechimba falaj kwa mikono yake, ile mifereji yetu inayopita chini kwa chini kutoka mlimani mpaka kwenye mitende. Ofisi ya maji ya Nizwa ikamchagua Hamed, mtu wa Izki, ambaye ukoo wao hawajui kazi nyingine tangu mababu. Kiingereza hajui hata neno. Basi nikapachikwa mimi, Sleiman, karani, mzaliwa wa Unguja, kwa kuwa nilisomeshwa Kiingereza skuli. Mimi ni ulimi wake. Bila yeye saa hizi ningekuwa Nizwa napiga taipu.

Jioni Hamed kachemsha kahawa chumbani kwa birika la umeme, na iliki akaitwanga kwa kitako cha gilasi. Ukumbi mzima ukanukia. Wenzetu wa vyumba vya jirani wakaifuata harufu mpaka mlangoni. Akawakaribisha wote, hakuna aliyeelewana naye isipokuwa Mmisri mmoja, na wote walikaa saa nzima.

Jumanne, 9 Oktoba

Napenda huku. Niseme ukweli, hakuna atakayesoma.

Nizwa nikifungua mdomo tu watu wanajua mimi Zinjibari. Miaka kumi na mmoja sasa, na muuza nyama sokoni bado ananijibu polepole kama anasema na kiziwi. Huku Kiingereza ndicho kinachotakiwa, na ninacho. Mkenya, Mpakistani, Watailandi wawili, Fathi wa Misri, wote wananigeukia mimi niwaeleze mwalimu kasema nini kwa Kiingereza chake cha Kijapani. Leo wakati wa chakula nimewasimulia kisa cha punda wa babu yangu na baiskeli ya polisi. Wamecheka mpaka Mpakistani kapaliwa na chai.

Nilikuwa nimesahau kuwa mimi mtu wa mzaha. Unguja nilikuwa hivyo.

Alhamisi, 11 Oktoba

Hamed anajitayarisha. Ijumaa ya wiki ijayo, siku ya mwisho ya masomo, kila nchi itasema habari za maji yake mbele ya watu wote, na wakubwa watakuja. Yeye anangoja siku hiyo tangu Ramadhani. Leo baada ya Magharibi kanipitisha hotuba yote tangu mwanzo, tukinywa kahawa. Ataanza na kisima mama, kule juu mlimani maji yanakopatikana kwanza. Halafu jinsi ya kushusha mfereji kwa taa na uzi tu, bila chombo. Halafu namna mtu anavyoingia chini.

Hapo kwenye kuingia akaweka kikombe chini. Kisha akanambia jambo ambalo hakuwahi kunambia. Wao kabla ya kuingia mtu huvua viatu, huwasalimu wenye mahali, wale wasioonekana, maana chini ya ardhi si petu, kisha hunyamaza. Kunyamaza ndiko kwenyewe. Ukinyamaza unasikia kama juu kuna udongo unaodondoka. Mdogo wake, Said, siku moja aliingia kwa haraka bila kusalimu, kwa kuwa jua lilikuwa linakaribia kuzama na kazi haijesha. Dari ikamwangukia. Hamed ndiye aliyemfukua.

Akasema hilo analitaka liingie katika hotuba. Nikasema litaingia.

Nimekaa nikifikiria mwaka wa sabini na tatu. Mwezi wangu wa kwanza kazini Nizwa, nilisimama mbele ya ofisi nzima kusoma barua kwa Kiarabu. Nikakosea. Makarani wakacheka, mmoja akajilaza juu ya meza. Nilitamani ardhi ipasuke. Hamed alikuwa kaja kwa shughuli zake, kakaa mlangoni na fimbo yake. Akainuka, akanishika mkono, akanitoa nje, akaninywesha kahawa. Tangu siku ile ndiye aliyenifundisha Kiarabu cha watu. Nimekosea mbele yake mara elfu. Hajanicheka hata mara moja, na wala hakuwahi kututilia mkalimani kati yetu. Hungoja tu mpaka nipate neno.

Jumapili, 14 Oktoba

Siku nzuri! Wametupeleka matembezini, kwenye pango la mawe ya chokaa, saa tatu kwa basi. Hamed kavaa dishdasha mpya na kilemba cha rangi ya zambarau. Hajawahi kuona pango lenye umeme, hakukaa kimya ndani ya basi.

Nje kama siku ya sikukuu. Maduka ya mawe, maduka ya peremende, mpiga picha na mabenchi yake ya ngazi, watoto wa skuli mamia wenye kofia za manjano. Kiongozi wetu msichana mwenye glavu nyeupe na kibendera. Tukapanga foleni.

Mlangoni Hamed kasimama. Kavua makubadhi, kayashika mkononi, kainua mkono wa kulia na kutoa salamu kwa sauti, kule ndani gizani. Kisha kanyamaza. Nyuma yetu watoto wamejazana. Msichana anaangalia saa. Bwana Morita kaja mbio kuuliza kuna nini, na wenzetu wote wamegeuka wananitazama mimi.

Hamed kasema: "Ya Sleiman, waambie. Waambie kwa nini tunasalimu. Waambie na habari ya Said, wajue."

Nilikuwa na haya, foleni ndefu namna ile. Nikawaambia kwa Kiingereza: anawapigia simu mashetani kuomba ruhusa, lakini laini ina mtu.

Mlipuko. Mkenya kainama kashika magoti. Msichana kaziba mdomo kwa glavu. Hata Bwana Morita. Watoto wakacheka kwa kuwa wakubwa wanacheka. Hamed kawaona wanacheka, na yeye akatabasamu, akaweka mkono kifuani kuwashukuru. Tukaingia.

Ndani ajabu. Njia ya saruji, vyuma vya kushikia, taa nyekundu na kijani, muziki unatoka mwambani. Kila jiwe lina jina: mwavuli, boga, ngazi za mashamba ya mpunga, na haya ya mwisho kweli yamefanana, vidimbwi juu ya vidimbwi, maji yanamwagika kutoka kimoja kuingia kingine. Baridi tamu. Hamed alitembea peku juu ya saruji, kichwa kakiinamisha upande mmoja. Pahala fulani akasimama, akasema nyuma ya ukuta huu kuna maji makubwa, waulize. Sikuuliza. Nilikuwa napiga picha.

Chakula cha usiku wamenitaka niseme tena ile ya simu. Nikaisema kwa vitendo, mkono sikioni, allo, allo, na kichwa nimekifunga taula. Wote hoi. Fathi peke yake hakucheka. Wamisri wanaona mzaha ni mali yao.

Jumatatu, 15 Oktoba

Leo hakuna kahawa. Hamed kasema kichwa kinamuuma.

Darasani hakuuliza swali.

Jumanne, 16 Oktoba

Fathi kanikamata kwenye ngazi. Kanambia wazi wazi, hakuzunguka. Jana asubuhi Hamed alimwendea kumuuliza: nimesikia wanasema allo, allo nikipita, na wanacheka, Sleiman aliwaambia nini pale mlangoni? Fathi kamwambia. Neno kwa neno.

Nikamwambia Fathi hakuwa na haja ya kusema. Akanijibu: "Kaniuliza, ya akhi. Wewe unataka na mimi nimdanganye?"

Sina la kujitetea. Nilisikia maneno ya Hamed vizuri. Niliyaelewa yote. Siku tatu kabla ya pango alikuwa ameniambia habari za Said, na sijui kama aliwahi kumwambia mtu mwingine. Nikayatupa hayo yote kwa kicheko cha foleni. Na akawashukuru! Aliweka mkono kifuani akawashukuru, na mimi nikamwona.

Kutwa sikutia kitu kinywani.

Jumatano, 17 Oktoba

Nimemgongea mlango baada ya Asri. Kafungua. Kanikaribisha, kanipa kiti, yeye kakaa kitandani. Nikaanza maneno yangu ya Kiarabu, yakanikimbia yote. Nikasema nimekosea, nikasema ulimi hauna mfupa, nikasema haikuwa nia yangu.

Akasema, "Ma saar shay." Hakuna lililotokea.

Ningemtaka anitukane. Angenipiga na fimbo ningefurahi. Kanitazama kama mtu anayetazama ukuta kuona kama umekaa sawa, kisha kanambia kwa adabu kwamba anataka kusali. Nikatoka.

Bado hotuba. Ijumaa nitaitafsiri kama haijapata kutafsiriwa hotuba. Nimekaa naandika kila neno la kazi yake kwa Kiingereza, kisima mama, uzi, tundu za hewa, zamu za maji, ili nisikwame hata mahali pamoja. Kila mtu aliyecheka atajua alimcheka nani.

Alhamisi, 18 Oktoba

Kurasa saba. Nimezinakili kwa mwandiko safi.

Ijumaa, 19 Oktoba

Ukumbi umejaa. Wakubwa safu ya mbele, mashada ya maua juu ya meza. Jina la Oman likasomwa. Nikainuka na karatasi zangu.

Hamed alipofika mbele hakunitazama. Kamwita Fathi.

Nimebaki nimesimama katikati ya viti, watu wananitazama kisha wanatazama kule mbele. Mkenya kanivuta shati nikakaa.

Fathi ni mtu wa mabwawa na mashine. Kiingereza chake cha kuungaunga, na Kiarabu cha Hamed kinampiga chenga. Hamed kasema kisima mama, Fathi kasema kisima cha zamani. Hamed kaeleza zamu za maji, namna watu wanavyozigawa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Fathi kasema wanagawa maji kwa zamu, basi. Sentensi kumi za Hamed zikawa mbili. Hamed si mjinga, aliona. Akaanza kufupisha mwenyewe. Ilikuwa hotuba ya nusu saa, imekwisha kwa dakika tisa. Kila neno nilikuwa nalo mapajani, limeandikwa. Nikayakalia.

Habari za kuingia chini hakuzisema. Salamu, kunyamaza, Said, hakuna. Alifika pale, nilipajua, nikamwona anapafikia. Akapapita.

Makofi ya heshima. Bwana Morita kamshukuru. Mkubwa mmoja kauliza mfereji mrefu kiasi gani, kajibiwa, kakaa. Alitoka Izki mpaka huku, bahari zote hizi, kwa ajili ya dakika zile. Nimemharibia mie. Hakuna mwingine wa kulaumiwa, hata Fathi, aliyetokwa na jasho mpaka ukosi ukarowa.

Jumatatu, 22 Oktoba

Ndege. Viti vyetu vilikuwa pamoja. Kamwomba msichana wa ndege kwa ishara ambadilishie, kwamba anataka dirisha. Kiti changu ndicho kilichokuwa cha dirisha. Ningempa.

Alhamisi, 25 Oktoba. Nizwa

Nyumbani. Joto limepungua. Watoto wamezigombania kalamu za Kijapani, mke wangu Zuwena kapenda kitambaa. Ameniuliza habari za safari, nikamwambia habari za pango, taa, mawe yenye majina. Mlangoni sikupataja.

Kaniangalia. Ananijua huyu. "Na Hamed? Mbona hajaja kunywa kahawa? Kila safari anayorudi Izki anapita hapa kwanza. Wallahi, Baba Salim, umemfanya nini yule shayib, yule mzee wa watu?"

Nikamwambia. Yote. Alikuwa anachambua mchele, akaacha. Hakunigombeza. Kasema tu kwamba wakati ule tumekuja, hatuna mtu, wanawake wa mtaa wanamcheka yeye kwa kusema kwake, mke wa Hamed alikuwa anatoka Izki kwa gari ya mzigo kuja kukaa naye mchana kutwa, wamenyamaza tu, wanashona. Kisha akaendelea na mchele wake.

Jumamosi, 27 Oktoba

Ofisini wote wananitaka habari za Japani. Karani mmoja, mmoja wa waliocheka ile barua ya sabini na tatu, kaniuliza shayib wetu alifanya vituko gani kwa Wajapani. Kauliza huku keshatabasamu, anangoja.

Nikamwambia Hamed ndiye aliyekuwa mwalimu wetu huko. Kaondoka hana raha. Nilichelewa wiki mbili kusema maneno hayo.

Jumatatu, 29 Oktoba

Hamed kaja ofisini kuchukua karatasi zake. Kanisalimia kama anavyowasalimia wote. Kasimama kwenye meza ya jirani yangu, akangoja amalize simu, ingawa mimi nilikuwa nimekaa bure.

Nitakwenda Izki Alhamisi. Nimemtuma dereva ampelekee salamu kwamba nakuja, nisimvamie. Jibu limerudi: karibu sana.

Kiarabu changu hakitoshi kwa jambo hili. Kule Japani kilinikimbia. Nimeandika maneno ya kusema na nimeyahifadhi, kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Alhamisi, 1 Novemba

Nimefika Izki kabla ya Adhuhuri. Nilimkuta kanisubiri nje, kwenye kivuli cha ukuta, kilemba kakifunga vizuri. Kanipokea kwa mikono miwili. Barza imefagiwa, tende na halwa zimeshawekwa. Na mtu mwingine kakaa pale, mnene, mchangamfu, sijapata kumwona.

"Karibu, ndugu yangu," kanambia kwa Kiswahili. "Mimi jirani hapa, Juma bin Khamis. Nimekaa Bujumbura miaka ishirini na sita. Shaykh Hamed ameniita nisaidie kidogo. Amesema wewe unasema vizuri zaidi kwa lugha yako, na hapendi neno lolote liharibike katikati."

Nilimtazama Hamed. Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa anamimina kahawa.

Nikakaa nilipoonyeshwa. Yale niliyoyahifadhi yalikuwa ya Kiarabu, sikuwa na kazi nayo tena. Nikasema kwa Kiswahili. Nikasema kwamba ulinipa maneno yako na habari ya marehemu ndugu yako, nami nikayauza kwa kicheko. Sikukosea kwa kutojua. Nilikujua na nilikuelewa, na nilikuonea haya mbele ya watu ambao leo hata majina yao nimeanza kuyasahau. Nikasema siku ya barua ulinitoa nje ukanisitiri, na mimi siku yangu ilipofika nikakuvua nguo. Nikasema naomba radhi.

Juma alikuwa mkalimani mzuri kuliko mimi. Hakupunguza. Alipofika pa kuvua nguo aliona tabu, akanitazama, nikamwashiria aseme. Akasema. Nilisikiliza maneno yangu yakiingia katika Kiarabu, moja moja, yote mazima.

Hamed kakiinamisha kichwa upande mmoja. Nje maji yalikuwa yanapita katika mfereji wa shamba, yanasikika. Kisha kasema maneno machache, bila haraka.

"Anasema amekusamehe," kasema Juma. "Anasema alikusamehe tangu huko huko, kwa ajili ya Mungu, na moyoni hana kitu. Anasema tafadhali ule."

Nikala. Tukazungumza bei ya mbolea, mtoto wake aliyeingia jeshini, mvua zilizokawia Jabal al Akhdar. Kila neno kupitia kwa Juma. Mara moja nilijisahau nikamjibu Hamed moja kwa moja kwa Kiarabu. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kamgeukia Juma, kangoja. Juma kaona haya, akayarudia maneno yale yale. Sikujaribu tena.

Wamenisindikiza mpaka kwenye gari. Hamed kanifungashia kikapu cha tende, kakiweka kiti cha nyuma mwenyewe. Akaegemea dirisha, akasema nimsalimie Zuwena, na kwamba mke wake anamuulizia, na nyumba hii ni nyumba yetu wakati wowote.

Nilikuwa nimeelewa neno kwa neno. Nikangoja Juma amalize kutafsiri, ndipo nikaitikia.